Kumlea mhariri mpya wa Wikipedia ya Kiswahili mjini Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anahariri Wikipedia ya Kiswahili na anataka kuwaingiza wengine: wanafunzi wa chuo kikuu, walimu wa Katuba na Ruashi, vijana wa parokia, wapenzi wa mpira wa Kamalondo. Kuwapata watu si kazi kubwa. Tangazo moja kwenye kundi la WhatsApp hujaza chumba. Kazi ni kumfanya mtu yuleyule aendelee kuhariri mwezi wa pili, akiwa nyumbani peke yake, kwa mega (data za simu) zake mwenyewe. Kwa maoni yetu, mambo mawili ndiyo yanayoamua: kama hariri zake tatu nne za kwanza zilibaki au zilifutwa, na kama kuna mtu aliyemwandikia kwa jina lake. Karibu kila hatua iliyo hapa chini inalenga hayo mawili.

Kabla ya kukutana

Alika watu sita. Wikipedia hairuhusu akaunti zaidi ya sita kufunguliwa kwa siku moja kutoka anwani moja ya intaneti. Ukikusanya watu ishirini kwenye ruta moja, wa saba atakataliwa, na siku yake itaishia hapo. Kwenye data za simu hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu wateja wengi wa mtandao mmoja hutumia anwani chache kwa pamoja. Watu msiowajua huenda wamekwisha kumaliza nafasi zote sita tangu asubuhi. Kwa hiyo kila mtu afungue akaunti yake nyumbani, kwa simu yake, siku tano kabla ya mkutano. Kama ni lazima kundi liwe kubwa, omba mapema kikomo kiondolewe kwa siku hiyo. Eleza tarehe, saa, idadi ya watu na anwani ya intaneti ya mahali mtakapokaa. Ombi kama hilo lipelekwe angalau wiki moja kabla. Likipelekwa asubuhi ya mkutano halitasaidia kitu.

Siku tano zina sababu nyingine. Akaunti ambayo haijatimiza siku nne huhesabiwa kuwa changa. Kila mara mwenye akaunti hiyo anapoongeza kiungo cha tovuti ya nje, mfano anapotaja chanzo, anaweza kupewa jaribio la kuthibitisha kwamba si mashine, kama picha yenye herufi zilizopindapinda anazoombwa aziandike. Intaneti ikiwa nzito picha hiyo haifunguki, mtu anadhani amekwisha kuchapisha, anafunga simu, na kazi yake yote inapotea. Akaunti ikishapita siku nne, kizuizi hicho huondoka chenyewe.

Watumie ujumbe wa maelekezo wenye mambo haya, kwa maneno machache:

Jina la akaunti litaonekana na watu wote kwenye historia ya kila ukurasa atakaougusa, miaka yote. Asitumie namba ya simu, mwaka wa kuzaliwa, wala jina la kampuni, shule au kanisa. Jina la kubuni linakubalika kabisa, na kwa hapa kwetu tunalipendelea. Akaunti ni ya mtu mmoja; kaka na dada wasitumie moja.

Aweke barua pepe, na afungue kiungo cha uthibitisho kinachotumwa huko. Bila barua pepe, neno la siri likisahaulika akaunti imekufa. Tena, akiingia kwa kifaa kipya anaweza kuombwa namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye barua hiyo, kwa hiyo siku ya mkutano ahakikishe anaweza kuifungua palepale.

Kama anasoma Kifaransa haraka kuliko Kiswahili, aingie kwenye mapendekezo ya akaunti na kuchagua vibonye vionekane kwa Kifaransa. Hilo halibadilishi lugha ya makala hata kidogo. Mtu aliyesoma masomo yake yote kwa Kifaransa hupata taabu kutafuta "Hariri" na "Majadiliano", lakini "Modifier" na "Discussion" anaviona mara moja, na huku anaendelea kuandika Kiswahili.

Aongeze kibodi ya Kiswahili kwenye simu, au azime kabisa masahihisho ya kujiendesha. Kibodi ya Kifaransa inabadilisha maneno ya Kiswahili bila kumuuliza mtu, na baadaye lawama inamwangukia yeye kwamba hajui kuandika.

Mwisho, azime VPN (programu inayoficha anwani ya intaneti), na pia kivinjari kile kinachobana data kwa kupitia seva za mbali. Wikimedia, yaani familia ya miradi ambayo Wikipedia ni mmojawapo, hufungia anwani za namna hiyo kwa sababu waharibifu hujificha humo. Mhariri mpya atasoma tangazo jekundu kwamba amezuiwa na kudhani ni yeye aliyekosea. Hili ni kati ya mambo yanayowakatisha tamaa watu wengi zaidi barani Afrika, na linahitaji lielezwe kabla halijatokea.

Likitokea hata bila VPN, fuata utaratibu huu: mwambie mtu aguse kitufe cha kuhariri tena na asome tangazo lote; piga picha ya skrini inayoonyesha anwani ya intaneti, jina la aliyeweka kizuizi na namba ya kizuizi; jaribu mtandao mwingine wa simu, kwa kuwa mara nyingi kizuizi kiko kwenye anwani za kampuni moja tu; ukishindwa, tuma maelezo hayo kuomba akaunti iruhusiwe kupita kizuizi cha anwani. Ruhusa hiyo ipo na hutolewa kwa wahariri wa kweli. Anayeomba awe ni wewe, mlezi, maana mgeni hajui hata pa kuanzia.

Orodha ya makosa uliyoitayarisha wewe

Hapa ndipo walezi wengi hawaweki nguvu za kutosha. Wanawaambia watu "andikeni chochote mnachokijua", na baada ya saa moja kuna makala sita mpya: mbili ni za wachungaji, moja ya mwanamuziki ambaye ni binamu ya mwandishi, moja ya duka. Jioni zote zimefutwa.

Mgeni asianze kwa makala mpya. Aanze kwa kurekebisha. Keti mapema, tafuta kurasa kumi na mbili, mbili kwa kila mtu, na kwa kila moja andika kosa lililomo na jinsi ya kulirekebisha. Usimpe mtu wa pili ukurasa wa mtu wa kwanza: wawili wakihariri sehemu moja kwa wakati mmoja, wa mwisho kuchapisha hupokea tangazo la mgongano wa uhariri, ukurasa unagawanyika juu na chini, na mgeni hajui achague upande gani.

Katika mkoa wetu kazi ya kurekebisha haiishi. Mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Popote utakapokuta makala inayosema Kolwezi iko "katika mkoa wa Katanga" kana kwamba ni leo, kuna hariri nzuri ya kwanza: Kolwezi ni makao makuu ya Lualaba. Kamina ni ya Haut-Lomami, Kalemie ni ya Tanganyika, na Likasi iko Haut-Katanga pamoja na sisi. Ila mwonye mgeni asibadilishe kila "Katanga" anayoiona. Sentensi inayohusu Katanga kujitenga na Kongo chini ya Moïse Tshombe, Julai 1960, lazima ibaki na Katanga. Na jiji lenyewe wakati ule lilikuwa Élisabethville, jina lililodumu hadi 1966. Mgeni akielewa tofauti hiyo tu, amekwisha kuanza kufikiri kama mhariri.

Kazi nyingine ya kuanzia ni viungo. Viungo vinaonekana vyepesi, kumbe Lubumbashi ina mitego yake. Tuseme mgeni anataka kutaja komini (sehemu ya kiutawala ya jiji) inayoitwa Kenya. Anaweka mabano mawili ya mraba, [[Kenya]], anachapisha, rangi ya buluu inatokea, anafurahi. Kiungo kimempeleka msomaji Nairobi. Rangi ya buluu inasema tu kwamba kuna ukurasa wenye jina hilo; haisemi kama ndio uliokusudiwa. Mfundishe kubonyeza kila kiungo baada ya kuchapisha, na mwonyeshe namna ya kuandika kwa mstari wa wima katikati: [[Kenya (Lubumbashi)|Kenya]], yaani upande wa kushoto jina kamili la ukurasa kama lilivyo kwenye Wikipedia, upande wa kulia neno litakalosomwa. Kama ukurasa huo haupo, kiungo kitakuwa chekundu. Chekundu si kosa. Kinaonyesha makala inayosubiri kuandikwa, na chekundu ni afadhali kuliko cha buluu kinachopotosha. Neno Lubumbashi nalo lina mtego wake: ni jiji, ni komini moja kati ya saba za jiji hilo (nyingine ni Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Ruashi na Annexe), na pia ni mto.

Saa mbili za kwanza

Dakika ishirini za maelezo, zisizidi. Fungua makala moja, onyesha historia yake, onyesha ukurasa wa majadiliano, eleza kwamba kila toleo la zamani linahifadhiwa na hivyo hakuna kitu ambacho mgeni anaweza kukiharibu kisirekebishike. Sentensi hiyo ya mwisho irudie. Hofu ya kuharibu ndiyo inayofanya watu waangalie tu skrini.

Halafu wape kurasa zao. Wenye simu watumie kihariri cha kuona (VisualEditor), kinachofanana na kuandika barua. Msiguse msimbo siku ya kwanza isipokuwa kwa mtu anayeuliza mwenyewe. Kila mmoja afanye hariri moja ndogo, aandike muhtasari wa maneno machache kwenye kisanduku chake ("nimesahihisha mkoa", "nimeongeza kiungo"), na achapishe. Muhtasari ni muhimu kuliko unavyoonekana. Mhariri wa Dar es Salaam anayekagua mabadiliko ya karibuni hamjui mtu huyu. Akiona akaunti mpya imeondoa neno kwenye makala bila maelezo, atatengua. Akisoma "Kolwezi iko Lualaba tangu 2015", ataacha.

Chapisheni mara nyingi, vipande vidogo. Umeme ukikatika ruta inazimika, na aya tatu ambazo hazijachapishwa zinaweza kupotea. Betri za kuchajia simu ziwe mezani tangu mwanzo.

Wakati wao wanahariri, wewe usizungukezunguke ukiwashikia simu. Fungua orodha ya michango ya kila mmoja na uangalie kinachoingia. Kosa dogo liache kwanza. Msifu kwa hariri, kisha muulize anaonaje sentensi hiyo, na arekebishe mwenyewe. Ukimrekebishia mbele yake kabla hajapumua, atajifunza kukusubiri. Tumia pia kitufe cha kushukuru kilicho kwenye historia kando ya kila badiliko. Shukrani hiyo inamfikia kama taarifa kwenye akaunti yake, na mgeni anapoiona jioni akiwa nyumbani ina uzito kuliko pongezi za chumbani.

Saa mbili zikiisha, simameni. Kila mtu aondoke na jambo moja la kumalizia nyumbani ndani ya siku tatu, jambo dogo, lililoandikwa: ukurasa gani, sentensi gani.

Ujumbe wa siku hiyohiyo

Usiku uleule andika kwenye ukurasa wa majadiliano wa kila mhariri mpya. Kigezo cha "Karibu", yaani ujumbe wa makaribisho uliokwisha kutayarishwa, kipo, kiweke, lakini hakitoshi. Kina viungo vingi na hakuna anayevisoma vyote. Ongeza mistari yako chini yake.

Tuseme mgeni ameandika: "[[Kenya]] ni commune moya ya Lubumbashi, iko na bantu mingi na soko mukubwa." Mkaguzi mwenye haraka angeitengua: lugha si sanifu, chanzo hakuna. Lakini ndani yake mna ukweli mtupu na nia njema. Irekebishe badala ya kuifuta: "[[Kenya (Lubumbashi)|Kenya]] ni mojawapo ya komini saba za jiji la Lubumbashi. Ina soko linalojulikana kwa jina lake." Sehemu ya wakazi wengi iweke kando hadi ipate chanzo. Halafu mwandikie:

"Jambo ndugu. Asante kwa sentensi yako kuhusu Kenya, nimeiacha kwenye makala. Nimegusa mambo mawili: kiungo kilikuwa kinakwenda kwenye nchi ya Kenya, sasa kinaelekea komini, na nimeiweka lugha katika Kiswahili cha vitabu, kwa sababu wasomaji wengine wako Mombasa na Zanzibar. Kuhusu wingi wa wakazi, nimeitoa kwa sasa tu. Ukipata kitabu au ripoti inayotaja idadi, irudishe, nami nitakuonyesha jinsi ya kutaja chanzo. Soko halina picha. Unaweza kupita Jumamosi?"

Angalia yaliyomo: amesifiwa kwa kitu mahususi, ameambiwa kilichobadilika na kwa nini, amepewa njia ya kurudisha kilichotolewa, na amepewa kazi inayofuata. Maliza kwa alama nne za wimbi (~~~~) ili jina lako na saa vijiandike, na mfundishe naye afanye hivyo. Kama mhariri ni mama au mzee mwenye umri, mwandikie "Jambo mama" au "Jambo baba" kama ungemwamkia mlangoni. Kumwita mtu mzima "mtumiaji" ni baridi isiyo na sababu.

Lugha isiwe rungu. Kiswahili cha Lubumbashi kimekuwa lugha ya watu kwa miongo mingi, na mtu anayekizungumza tangu utotoni hapaswi kuambiwa kwamba hajui Kiswahili. Mwambie kwamba ensaiklopidia imeamua kutumia sanifu ili ieleweke pote, kisha mpe makala mbili tatu zilizoandikwa vizuri azisome kwa sauti. Upatanisho wa ngeli ndio unaowasumbua wengi wa hapa: "mji kubwa", "vitabu mingi". Usisahihishe yote kwa siku moja. Chagua ngeli moja kila wiki, ya M-/MI- kwanza kwa kuwa miji, mito, mikoa na migodi yote iko humo.

Vyanzo na sauti ya kati

Wiki ya pili ni ya vyanzo. Kila mmoja aongeze chanzo kimoja kwenye sentensi moja iliyopo tayari, si zaidi. Eleza hivi: chanzo ni maandishi yaliyochapishwa na mtu mwingine asiye na maslahi na habari hiyo, ambayo msomaji anaweza kuyafikia na kuhakiki. Radio Okapi inafaa kwa habari za nchi. Vitabu na tasnifu za Chuo Kikuu cha Lubumbashi vinafaa kwa historia na jamii, hata kama haviko kwenye intaneti: mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na ukurasa vinatosha. Chanzo kwa Kifaransa au Kiingereza kinakubaliwa. Ukurasa wa Facebook wa mhusika, tangazo la kampuni na ujumbe uliosambazwa WhatsApp havikubaliwi. Alichosimuliwa na babu, hata kikiwa kweli, hakiingii mpaka kichapishwe mahali. Liseme hilo kwa upole, maana kwa watu wengi babu ndiye chanzo bora walicho nacho.

Sauti ya kati, yaani kuandika bila kupendelea upande, inafundishwa vizuri kupitia mpira. Mpe mpenzi wa TP Mazembe makala ya klabu yake na atakuandikia: "Mazembe ni timu kubwa kuliko zote Afrika, inaogopwa na kila mtu." Usimwambie aache sifa. Muulize sifa hiyo inatokana na nini, naye atakutajia mwenyewe: ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, ilipofungwa na Inter 3–0. Aandike hayo, kila moja na chanzo chake, na afute "kubwa kuliko zote". Atasoma upya na kuona kwamba ukurasa umeisifu Mazembe zaidi ya alivyoisifu yeye, na matokeo ya fainali yenyewe yamebaki humo bila kufichwa.

Picha

Wasiopenda kuandika wape picha. Makala nyingi za miji yetu hazina hata moja, na mashindano ya picha ya Wiki Loves Africa, yanayofanyika tangu 2014, ni nafasi nzuri ya kuwaita wapya. Picha hupakiwa Wikimedia Commons, hifadhi ya picha inayotumiwa na Wikipedia, na sharti la kwanza ni kwamba aliyebonyeza kamera ndiye anayepakia. Picha ya Google, ya gazeti au ya rafiki haiingii. Ya rafiki inahitaji ruhusa ya maandishi kutoka kwake mwenyewe kwa barua pepe.

Kuna kosa ambalo halionekani. Mtu anapiga picha yake mwenyewe, anaituma WhatsApp kwa mwenzake mwenye mega, mwenzake anaipakia. WhatsApp imeipunguza ukubwa na kuondoa taarifa za kamera zilizomo ndani ya faili. Wakaguzi wa Commons wanaona picha ndogo isiyo na taarifa, kutoka akaunti mpya, na wanaishuku kuwa imeibwa. Ipakiwe faili ya asili, kutoka simu iliyoipiga.

Msipige kambi za jeshi, polisi, uwanja wa ndege, mipaka kama Kasumbalesa, wala ndani ya maeneo ya migodi bila kibali cha maandishi. Kabla ya kupiga soko, salimia wenye meza na uwaombe. Mchoro ukutani ni mali ya mchoraji, hata ukuta ukiwa wa barabara.

Hariri inapotenguliwa

Itatenguliwa. Mwambie mgeni mapema kwamba hata wahariri wa miaka kumi hutenguliwa, na mpe utaratibu: asirudishe mara moja, afungue historia asome sababu, kama sababu haipo, aandike kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala, "Nilibadilisha mkoa wa Kolwezi kwa sababu hii, chanzo ni hiki. Naomba kujua kwa nini imetenguliwa", asubiri siku mbili tatu, maana Wikipedia ya Kiswahili ina wakabidhi (wasimamizi wake) wachache na wote wana kazi nyingine. Kurudisha na kutengua mara tatu nne ni vita vya uhariri, na akaunti mpya ndiyo itakayofungiwa hata kama ilikuwa na haki.

Wewe kwa upande wako mwandikie aliyetengua, kwa adabu, kwamba huyu ni mgeni unayemlea na kwamba utafuatilia. Mara nyingi hilo pekee hubadilisha hali. Usiingie kumrudishia hariri yake bila kusema lolote. Itaonekana ni watu wawili wanaosaidiana kushinda.

Makala ya kwanza

Akishafanya hariri kama ishirini zilizobaki bila kutenguliwa, yuko tayari. Aandike kwenye ukurasa mdogo chini ya jina lake la mtumiaji, uisome, kisha ihamishwe. Kipimo cha mada ni kimoja: kuna vyanzo viwili vilivyoandikwa na watu wasiohusika, vinavyoizungumzia kwa kina? Mchungaji wake, kampuni ya shemeji na yeye mwenyewe huanguka hapo bila ubishi. Mada za mtaani kwetu zenye vyanzo ni nyingi: Bunkeya na mtawala wake M'siri aliyeuawa Desemba 1891, mgodi wa Shinkolobwe uliotoa urani ya mabomu ya kwanza ya atomiki, wachoraji wa Lubumbashi, miti ya miombo. Mistari mitano yenye vyanzo vitatu ni makala halali. Itaitwa mbegu, na wengine wataikuza.

Angalia sana mambo mawili. La kwanza ni kunakili. Aya ikibadilika ghafla kutoka lugha ya mgeni kwenda lugha laini ya gazeti, chukua sentensi moja na uitafute mtandaoni. Maandishi ya Wikipedia hutolewa kwa leseni huru ya CC BY-SA 4.0, na hakuna anayeweza kuweka chini ya leseni hiyo maneno yasiyo yake. La pili ni chombo cha kutafsiri kilicho ndani ya Wikipedia. Ni kizuri kwa mtu anayejua lugha zote mbili, lakini kinamjazia mgeni tafsiri ya mashine iliyo tayari, naye anachapisha bila kugusa. Kanuni yetu: hakuna kutafsiri makala nzima mpaka mtu ameandika moja kwa mkono wake, na baada ya hapo aya moja moja, kila aya ikisomwa kwa sauti kabla ya kuendelea. Akitafsiri bila chombo hicho, ataje kwenye muhtasari makala ya asili aliyoitumia, kwa kiungo.

Wapya waache siasa za sasa, makundi yenye silaha na watu wenye kesi mahakamani. Huko kila neno linapiganiwa, vyanzo vinagongana, na mtu anaweza kutafutwa nje ya mtandao. Jina la kubuni la akaunti linasaidia, ila halimlindi mtu aliyejitangaza Facebook kwamba ndiye aliyeandika.

Kuhusu fedha

Lipieni nauli na mega, kiasi kilekile kwa kila mtu, kabla ya kazi kuanza. Msilipe kwa idadi ya makala. Ukilipa kwa makala utapata makala nyingi fupi zilizotafsiriwa kwa mashine, na watu wataondoka siku fungu linapokwisha. Tena, masharti ya Wikimedia yanamtaka anayelipwa kuhariri aseme wazi nani anamlipa. Wikimedia Foundation ina fungu dogo la miradi, Rapid Fund, linaloweza kugharamia nauli, mega na vyakula; liombeni mkiwa tayari mmekutana kwa muda bila fedha, kwa kuwa mtakuwa na michango ya kuonyesha.

Mwezi wa pili

Kutaneni saa moja kila wiki, siku na mahali palepale, hata wakija wawili. Kundi la WhatsApp liwe la maswali na viungo vya kurasa. Salamu za asubuhi na maombi yawekewe kundi lingine, la sivyo wenye maswali watanyamaza.

Kila Jumapili pitia ukurasa wa michango wa kila mmoja. Unatafuta mambo matatu: je, kuna hariri iliyotenguliwa na yeye hakusema? je, kuna swali kwenye ukurasa wake wa majadiliano ambalo hakuliona? je, amenyamaza siku kumi na nne? Aliyenyamaza mwandikie mara moja tu, kwa kazi mahususi ("yaya" kwetu ni dada au kaka mkubwa): "Yaya, makala ya Likasi imeongezwa aya mpya juu ya wakati ilipoitwa Jadotville, nadhani wewe ungeikagua vizuri." Asipojibu, mwache. Wengine hurudi baada ya mitihani.

Anayefikisha mwezi wa tatu mkabidhi wageni wawili wa kundi linalofuata, awaandikie yeye ule ujumbe wa siku ya kwanza, na wewe usome tu.